Mzee Kizibo Anaombea Kiputo

Kazini walimwita Kizibo, na jina lenyewe alijitafutia. Miaka yote aliyofanya kazi kwenye maabara ile ya bahari, hakuna aliyewahi kumwona akijaza chupa juu ya goti kama wafanyavyo wavivu. Yeye chupa huizamisha nzima kwenye ndoo, huijaza humo humo majini, huifunga humo humo, kisha huitoa na kuipindua juu chini, akaikodolea macho kana kwamba imemtukana. Akiona kiputo cha hewa, hata kiwe kidogo kama kichwa cha pini, anamwaga yote na kuanza upya. Wenzake wanachomwa na jua kwenye boti, wananuna, wanatikisa miguu, yeye wala. Ukimharakisha anakuuliza, "Haraka ya nini, unakwenda kuoa?"

Msimwone mkorofi bure. Kazi yao ilikuwa kutafuta mahali maji ya chini ya ardhi yanapoingia baharini, na maji hayo hakuna anayeyaona kwa macho. Yanapita chini kwa chini, kwenye nyufa za mawe na kwenye mchanga, yanatokezea chini ya bahari, basi, yamekwisha kuchanganyika. Ila huko yanakopita, mawe huyapa hewa fulani isiyo na rangi wala harufu, ambayo bahari yenyewe inayo kidogo mno. Kwa hiyo ukichota maji ya ufukweni ukaikuta hewa hiyo kwa wingi, unajua hapa pana maji ya nchi kavu yanatoka. Ubaya wake, hewa yenyewe ni nyepesi kutoroka. Kiputo kimoja tu kikibaki kwenye chupa, inakimbilia humo, na mashine itakwambia hakuna kitu. Ndiyo sababu ya ukorofi wote ule.

Nyumba ya Kizibo ilikuwa kwenye mwinuko mdogo juu ya ghuba ile ile aliyokuwa akiipima. Nyuma ya nyumba mkewe alikuwa na kitalu cha miche, mistari na mistari ya viriba vyeusi chini ya kivuli cha makuti, na katikati kisima alichochimbiwa na kaka yake. Mama yule alikuwa na mkono, jamani. Majirani walisema akichomeka ufagio ardhini unaota. Kizibo alikuwa ukingoni mwa kustaafu, na mipango ya uzee wao wote wawili ilikuwa imelala pale kwenye viriba. Watoto walikwisha kutawanyika, kila mmoja na yake. Kitalu kikisimama, wazee wanasimama.

Sasa mwaka ule majibu ya mashine yakaja ya ajabu. Sehemu za ghuba zilizokuwa na hewa ile tangu Kizibo ana nywele nyeusi, safari hii karibu hazina kitu. Bosi wake, mtaalamu wa kike, mdogo kwake kwa umri lakini mwenye adabu zake, alimwita pembeni. Alianza kwa kujikunakuna.

"Mzee wangu, usinielewe vibaya. Huenda chupa ziliingia hewa?"

Mwaka wa nyuma angeulizwa swali hilo angenuna wiki nzima na chai asinywe. Siku hiyo alisema, "Inawezekana kabisa, bosi. Macho yangu siku hizi si ya kutegemea."

Uongo mtupu. Macho yake yalikuwa yanamwona sisimizi akipita ukutani. Lakini Kizibo alijua majibu yale yana maana gani ikiwa chupa ni sawa. Maji hayaingii baharini kwa sababu hayapo ya kuingia. Huko juu kila mwenye uwanja wa kutandika mkeka alikuwa ametaka kisima chake kirefu na pampu yake, wanavuta kutwa kucha, wengine wanaosha magari, na nani wa kumwambia mwenzake aache? Maji yameshuka. Na yakishuka, bahari haikai mlangoni kungoja ikaribishwe, inaingia. Visima vya kwanza kuionja ni vile vilivyo juu ya ghuba, yaani chake yeye. Kwa hiyo mzee mzima, aliyejivunia mikono yake tangu ujana, akaanza kuomba usiku na mchana iwe ni yeye aliyekosea.

Nyumbani mambo hayakuwa yakimsaidia. Miche ilikuwa imeanza kuungua ncha za majani. Mkewe alilaumu mbolea, akaibadilisha. Akalaumu udongo, akaumwaga wote na kujaza viriba upya, mgongo ukimuuma. Akaongeza kivuli. Majani yakaendelea kuungua, na yeye akaanza kujilaumu mwenyewe. Kizibo alikuwa akinywa maji ya kisima kile kila siku na ulimi haujamwambia lolote, ila alijua miche huihisi chumvi mapema kuliko watu. Kazini kabatini kulikuwa na kifaa cha kupima chumvi, kidogo, kinaingia mfuko wa shati. Hakukichukua hata siku moja.

Shemeji yake alipokuja na utani wake ndipo alipomtia presha zaidi.

"Shemeji, nimekupa dada, nimekuchimbia kisima, bado umenuna. Unataka na mimi nije kuishi hapa? Nitarudi na vijana wangu tukizamishe zaidi. Maji matamu yako chini."

"Kiache kama kilivyo," Kizibo alisema.

"Unaona anavyonipenda," shemeji akamwambia dada yake, wakacheka. Chini ndiko chumvi ilikokuwa inapandia.

Bosi aliamua warudie kazi yote, na safari hii achote yeye mwenyewe. Kizibo alikaa kwenye boti mikono mapajani, akimwangalia bosi akizamisha chupa. Alitamani wimbi litikise boti. Alitamani bosi apige chafya, aharakishe, awe mvivu kama vijana wengine. Bosi alifanya polepole, humo humo majini, kama alivyofundishwa, na aliyemfundisha ni Kizibo. Akampa chupa aikague. Aliipindua juu chini, akaitazama, akaitazama tena kwenye jua. Hakuna kiputo. Alijikaza kisabuni, akaipanga kwenye sanduku na kupokea nyingine. Zote zilikuwa safi.

Mashine nayo waliijaribu kwanza kwa maji ya chemchemi ya huko milimani, ikaiona hewa yake vizuri kabisa, haina ugonjwa. Majibu ya ghuba yalipotoka, bosi alimfuata kwenye kijichumba cha kuoshea vyombo, uso umemkunjuka.

"Mzee wangu, nakuomba radhi. Chupa zako za mwanzo zilikuwa sawasawa. Hukukosea popote."

Alidhani anampa habari njema. Kizibo alifunga bomba la maji, akauliza, "Mvua zikinyesha sana, je?"

Hapo ndipo bosi alipokumbuka anakoishi mzee. "Hata wakiacha kuvuta leo hii, mimi na wewe hatutayaona yakirudi. Na hawataacha."

Alipofika nyumbani alimkuta mkewe amechuchumaa kitaluni, anang'oa miche iliyokufa na kuitupa kwenye karai.

"Mapema leo, baba," mkewe alisema.

"Mama, acha kwanza. Njoo ukae."

"Sema tu, nina udongo."

Akasema yote, kuanzia majibu ya kwanza mpaka ya leo, na bahari ilipofika. Mkewe alisikiliza bila kuinuka. Alipomaliza, na hili ndilo lililomkata maini, mkewe akatabasamu.

"Kumbe si mkono wangu," alisema. "Mimi nilikwisha kuona nimechoka kwa uzee. Juzi nimemwambia kaka, hii kazi imenikataa."

"Mkono wako ni mzima."

"Mzima?"

"Mzima kabisa."

Alipangusa vidole kwenye kanga, mchangamfu kama zamani. "Haya, basi tunafanyaje? Tuzamishe kisima?"

"Tutaikaribisha chumvi upesi."

"Kuna dawa ya kutia kwenye maji?"

"Hakuna."

"Tungoje mvua?"

"Mvua haitafaa kitu."

"Wewe ndiye mtu wa maji. Huko kazini kwenu wanafanya nini kuhusu jambo hili?"

"Tunapima," Kizibo alisema. "Sisi tunapima tu, mama."

Mkewe aliitazama mistari yake ya viriba mpaka mwisho wa uwanja. Ule uchangamfu ulimwondoka usoni kidogo kidogo, na Kizibo akashuhudia unavyoondoka.

"Ungeniacha hivyo hivyo," mkewe alisema. "Ningejua ni mkono wangu. Mkono ningeurekebisha."

Mkewe aliinuka, akachukua ndoo, akaenda kisimani, maana jua lilikuwa limepungua na miche haijanyweshwa. Wapo watakaomshangaa kwa hilo, lakini hayo ndiyo maji waliyokuwa nayo.