Nilivyoikabidhi njia yangu ya vocha Kariakoo kwa mkono wangu mwenyewe, na walionifanyia hivyo nawataja

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Humu mimi naingiaga kusoma tu, kuandika siandikagi. Elimu yangu darasa la saba, kwa hiyo mkiona mpangilio umeyumba nivumilieni. Ila haya yalinipata mimi mwenyewe na sijayatia chumvi. Majina ya watu nitayataja. Jina la kampuni ya simu ndiyo nitaliacha, maana kampuni ina mawakili na mimi hata baiskeli sina.

Kuna mdau alianzisha uzi humu akishangaa kwa nini makampuni ya simu siku hizi yanagawa dakika kama yanagawa maji ya kunawa. Akauliza tena, wale wauza vocha wa jumla wa Kariakoo walienda wapi?

Mimi nilikuwa mmoja wao. Nitamjibu.

Vijana hamjui, lakini kabla biashara ya simu haijafunguliwa, simu ilikuwa ya serikali na ya wenye nazo. Makampuni binafsi yalipoingia, mimi nilianza na meza moja na mwavuli pale pembeni ya Mnazi Mmoja. Mtu anakuja, anapiga, analipa kwa dakika. Anayeongea na mgonjwa wake bara huko unamwona anaongea haraka haraka kama anafukuzwa, maana dakika ilikuwa ghali. Watu walikuwa wanalia kwenye ile meza yangu, wengine wanacheka, na mimi nimekaa naangalia saa.

Baadaye kila mtu akawa na simu yake, meza ikafa. Nikahamia kwenye vocha za kukwangua.

Hapo ndipo nilipopata maisha.

Nilipata fremu Mchafukoge, chini ya nyumba ya Bwana Kirit, Mhindi mmoja ambaye babu yake ndiye aliyeijenga. Mke wangu, Mama Mwajuma, anakaa kwenye fremu. Mimi nazunguka. Asubuhi nachukua vocha kwa kampuni, nazifunga kwa mipira kwa thamani zake, naweka kwenye mkoba wa kifuani ndani ya shati, naanza kutembea. Nashuka na Uhuru, naingia Kongo, nazunguka mpaka Msimbazi. Kila duka linalouza vocha kwenye hiyo mitaa lilikuwa linachukua kwangu. Wauza vitenge, wauza vyombo, wenye meza za saa, mpaka mama lishe.

Hiyo ndiyo tunaita njia. Njia ya mtu ilikuwa kama shamba. Mwuza jumla mwingine haingii. Akiingia, wenye maduka wenyewe wanamwambia, "Hapa kuna mwenyewe."

Nieleze na jambo jingine, maana uzi wote umelalia hapa.

Kariakoo ile, mtu mgeni hapewi kitu. Hata akija na suti na kitambulisho kifuani, ataambiwa mwenye duka hayupo, na anayemwambia ndiye mwenye duka. Mgeni lazima aletwe. Aje na mtu anayejulikana, amshike mkono, aseme, "Huyu ni wangu." Ukishasema hivyo umemkabidhi. Akiharibu, wanakufuata wewe. Akipata, na wewe umo. Na yule uliyemleta hawezi kukuruka akaenda kufanya biashara na wenye duka peke yake. Akikuruka, amekwisha mjini.

Haikuandikwa popote. Ila ndivyo tulivyoishi.

Sasa, kampuni ilikuwa na msimamizi wake wa eneo letu, anaitwa Gidioni. Kijana msomi, mtanashati, anakunywa kahawa na sisi barazani. Miaka yote akija swali lake moja, "Mzee Mfaume, mzigo umeenda?" Basi. Umeenda, anafurahi. Haujaenda, ananuna. Kampuni ilikuwa inauza dakika, na dakika zilikuwa zinatembea kwa miguu yangu.

Halafu ikaja intaneti ya kasi.

Mwanzoni sisi tulicheka. Tulisema hayo ni mambo ya vijana kuangalia picha. Mimi niliyaelewa siku moja tu, pale juu kwa Bwana Kirit. Huyu mzee ana binti yake Uingereza, na miaka mingi kila wiki alikuwa anashuka kununua kwangu vocha ya thamani kubwa ili aongee naye. Siku hiyo nimepanda kupeleka kodi, nikamkuta ameshika simu mbele ya uso, anaongea na binti yake wanaonana kabisa, mpaka mjukuu anamwonyesha meno yaliyong'oka.

Akanigeuzia ile simu. "Mfaume, msalimie Hansa. Umeona maajabu? Bure!"

"Bure kweli, bwana?"

"Nimeweka bando tu. Tunaongea mpaka tunagombana."

Nikamsalimia Hansa. Akanijibu, "Shikamoo Baba Mwajuma," kwa Kiswahili kilekile cha Mchafukoge alichoondoka nacho. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Lakini nikishuka zile ngazi nilikuwa nahesabu vocha ambazo hatanunua tena kwangu.

Haukupita muda Gidioni akaja na maswali mapya. Hakuuliza mzigo. Aliuliza, "Mzee, unauzia maduka gani? Yanaitwaje? Yupi anauza sana? Yupi anafungua Jumapili?"

Akaeleza kwamba sasa vocha itakuwa ya kurusha. Mwenye duka atakuwa na salio kwenye laini maalumu, mteja akija anamrushia, hakuna kukwangua. Na mabando ya intaneti yatauzwa hivyohivyo. Kwa hiyo maduka yote yanatakiwa yasajiliwe, mwenye duka apigwe picha, na duka liwekwe kwenye ramani.

Nikamwuliza, "Na mimi?"

Akasema, "Wewe ndiye mwenye njia, mzee. Sisi tunaiingiza tu kwenye mfumo. Jina lako liko juu."

Sikumwamini moja kwa moja. Nikaenda kwa Elibariki.

Elibariki ni Mchaga wa Kilimanjaro, mwuza jumla mwenzangu, njia yake ilikuwa upande wa Aggrey. Tulianza wote kwenye meza za Mnazi Mmoja, jua letu moja, mvua yetu moja. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa ni mke wangu aliyekaa na mama yake hospitali. Mimi namwita Mangi, yeye ananiita Mswahili. Nikamwuliza, "Mangi, hili la Gidioni unalionaje?"

Akacheka. "We Mswahili, na wewe unaogopa kila kitu! Utakufa na makaratasi kifuani. Mimi njia yangu nimeshawapitisha. Wapitishe na wewe, tusije tukaachwa."

Nikaamini, kwa sababu ni yeye.

Basi kampuni ikanipa binti anaitwa Jackline, na kishikwambi chake. Binti mpole, simlaumu, naye alikuwa ametumwa. Tukatembea naye njia yangu yote, duka kwa duka. Kila mlango nasema, "Huyu ni binti yangu, mpeni ushirikiano." Wenye duka wanatoa vitambulisho vyao bila swali. Watu ambao benki ilikuwa inawabembeleza miaka wasitoe, siku hiyo walitoa, kwa neno langu.

Kuna mama mmoja mwuza vyombo Mtaa wa Kongo, Mama Salma. Huyu nimemjua anauza vikombe kwenye beseni chini. Alimtazama Jackline juu mpaka chini, akasema, "Baba Mwajuma, wewe binti mweupe hivi umemzaa na nani?" Wote tukacheka. Akatoa kitambulisho, akapigwa picha. Akamwambia Jackline, "Nakupa kwa sababu ya huyu. Asingekuwa huyu, ungeondoka na mchanga wa mlangoni."

Tulimaliza njia nzima. Gidioni akanipa fulana na kofia.

Kilichofuata hakikuja kwa kishindo. Kilikuja taratibu. Ukipita duka hili unaambiwa, "Bado zipo, mzee." Lile, "Pitia kesho." Nikadhani biashara imelala. Mpaka nilipofika kwa Mama Salma na vocha zangu, akashangaa kabisa.

"Baba Mwajuma, hizi za nini tena? Mbona binti yako anatuhudumia?"

"Binti yangu yupi?"

"Si huyu uliyetuletea mwenyewe! Salio likiisha tunampigia, anarusha. Sisi tukajua ndiyo mmejipanga, wewe umepumzika miguu."

Wakuu, nilisimama pale. Watu wanapita na mizigo, kuli ananipigia kelele nipishe, na mimi sioni pa kupishia. Hawakuniruka wao. Wao walikuwa wanajua bado wananunua kwangu.

Nikampigia Jackline nikamwuliza salio analirusha kutoka wapi. Akasema, "Baba, mimi nilijua unajua. Linatoka kwa dila mkuu wa eneo. Kwa Elibariki."

Elibariki alikuwa amesaini kabla hata sijaenda kumwuliza. Eneo zima walimpa yeye, njia yake na ya kwangu. Sharti alilopewa na kampuni lilikuwa moja, njia yangu ipitishwe, na mimi nisingempitishia mgeni kama yeye asingeniambia pitisha.

Nikaenda ofisini kwa Gidioni, mjini, ghorofani. Alinipokea vizuri, akaniletea na maji. Nikamwambia, "Ulisema jina langu liko juu."

Akasema, "Mzee wangu, nisikilize. Kampuni haiuzi tena dakika. Dakika tunawapa kama nyongeza. Tunauza data, na data haibebwi mkobani. Kesho mteja atanunua bando mwenyewe akiwa kitandani. Hata hayo maduka hatutayahitaji sana."

"Sasa kwa nini hukuniambia wakati natembea na binti?"

Akaangalia dirishani. Kutoka pale unaiona bandari, meli zimepanga foleni. Akasema, "Ungekubali kutembea?"

Hilo ndilo jibu lake. Sijalisahau. Yaani alijua.

Kwa Elibariki nilikwenda dukani kwake. Hakuniita Mswahili siku hiyo. Alisema, "Kaka Mfaume, walikuwa wanachukua mtu mmoja tu. Ningekuambia ukweli ungegoma, na mimi wangeniacha. Nina watoto."

Nikamwambia, "Na mimi nina nini, Mangi? Nina paka?"

Watu dukani walicheka. Yeye hakucheka.

Fremu niliikalia kwa muda kidogo tu. Mama Mwajuma alijaribu kuweka soda, akaweka na mikate, lakini fremu ile ilikuwa inalishwa na njia, na njia haikuwepo tena. Bwana Kirit alinivumilia kadiri alivyoweza. Siku narudisha funguo alishuka mwenyewe mpaka chini, na mzee yule magoti yanamsumbua. Alisema, "Mfaume, babu yangu alifunga duka lake hapahapa." Mke wangu alikuwa anafagia, ile sakafu ina vumbi la kijivu la vocha lililoingia kwenye nyufa, halitoki. Nikamwambia aache.

Sasa hivi nashona viatu Ilala. Naishi, nakula. Mke wangu ninaye.

Jackline naye alikuja kuondolewa, nasikia sasa mabando yote mtu ananunua kwenye simu yake. Gidioni yupo kampuni nyingine. Elibariki ana jengo.

Kuna watakaosema teknolojia ndiyo imebadilika, hakuna wa kulaumiwa, ningebadilika na mimi. Wakuu, nimelitafakari sana hilo nikiwa na kiatu cha mtu mkononi. Intaneti siilaumu. Ule mtandao usingenihurumia na wala haukuwa na sababu ya kunihurumia. Ila mtandao haukujua Mama Salma anakaa wapi. Haukujua nani anafungua Jumapili. Walionitembeza ni watu wenye majina, na nimeyataja.

Somo langu nawapa nyie mawakala wa leo, mliokaa kwenye miavuli mnasajili laini, mnatoa na kuweka hela za watu. Siku zote kampuni itakuuliza umefanya kiasi gani. Siku ikianza kukuuliza wateja wako ni akina nani, simama. Uliza na wewe, na ulitake jibu mbele ya mashahidi kabla hujanyanyua mguu. Mimi niliuliza, lakini niliuliza kwa rafiki yangu.

Mliokuwa Kariakoo miaka ile, karibuni mseme mlichokiona. Kama nimemsingizia mtu nirekebisheni hapahapa, sitakasirika.

Na wewe Elibariki, mwanao yule mkubwa aliniletea kiatu chake nikashona, akaniambia baba yake humu yumo na anasoma kila siku. Nilimshonea vizuri. Basi ukifika hapa mwisho usipite kimya. Wanaosoma wanakusubiri, na mimi pia.