Meupe Pe

Nikifungua bomba hapa Granville, ughaibuni, harufu ya klorini hutangulia maji. Binti yangu anasukuma glasi, analalamika kwa Kiingereza kwamba yananuka kama bwawa la kuogelea.

Nami niliichukia harufu hiyo. Kipindupindu kilipoingia mtaani kwetu, mama alinipa kazi ya kutia dawa ya klorini kwenye pipa la maji kila asubuhi, vifuniko viwili. Mimi niliimwaga nyuma ya choo, kwa kuwa chai ilinuka.

Akaja bwana afya na kichupa. Alichota maji yetu, akatumbukiza kidonge, akatikisa. Ndani, mdogo wangu alikuwa akitapika tangu alfajiri. Tulikikodolea macho kichupa. Maji hayakubadilika.

Mama akashusha pumzi. "Afadhali. Si unaona, bwana afya, meupe pe."

"Mama," bwana afya akasema, "yangekuwa na dawa yangegeuka pinki."

Mama alinigeukia polepole, kama mtu anayeogopa kufika. "Ulitia dawa?"

"Nilitia," nikasema.

Aliniamini. Alilaumu dawa kwa kifo cha mdogo wangu mpaka mwisho wa maisha yake.

"Kunywa," namwambia binti yangu. Nasimama pale pale mpaka glasi iwe tupu.