Madame, simbilisi ya labo

Juzi hapa Butembo mujukuu wangu alichemsha nyama ya ng'ombe bila kitunguu, bila tomate, bila kitu. Harufu iliponifikia nikapandwa na hasira, nikamufokea mutoto wa batu bure. Kosa si lake. Ile ni harufu ya labo ya Leta, maabara ya serikali, kule Beni, wakati wa utawala wa Babeleji, na mimi na labo ile hatujapatana mpaka leo.

Papa alikuwa assistant pale. Docteur muzungu alipita mara moja kwa mwezi, akatia sahihi, akaenda. Kazi yote ilikuwa juu ya Papa. Mikrobe zake zilikuzwa kwa supu ya nyama safi isiyo na mafuta, na kwa kuwa jiko la labo lilikuwa limekufa toka zamani, supu ilipikwa kwetu. Sisi batoto tulikaa kando ya sufuria na sombe yetu, majani matupu ya muhogo, tukimeza mate. Mama alisema, "Mikrobe ya Leta inakula muzuri kuliko batoto ba Leta." Papa alijifanya hasikii.

Na hiyo Leta, acheni tu! Papa akiomba chupa, vinakuja vizibo, na vizibo vyenyewe haviingii chupa yoyote. Akiomba simbilisi, vile vinyama vinene visivyo na mukia, vya kupimia kifua kikuu, barua inarudi: copie moja ya barua imekosekana. Aliomba vibati vidogo vya namba, vya kutia simbilisi sikioni. Miezi ikapita, vikaja vibati vya ng'ombe.

"Mais, kibati kama hii, simbilisi ataibeba namna gani?" Papa alipiga kelele, peke yake na sanduku lake. Mwishowe akaamua simbilisi chache alizokuwa nazo kuzipaka muguu wa nyuma rangi ya buluu, ile ya kuonyeshea mikrobe kwenye kioo. Basi, hiyo ndiyo ikawa namba.

Sasa, ninyi munajua, jiko la sisi Banande halikosi simbilisi. Zinakimbia kando ya mafiga, zinangoja mugeni wa kupikiwa. Kwetu jike moja jeupe, nene, nilikuwa nimelikataza kisu. Nilimwita Madame, kwa sababu, kama bibi wa docteur, hakupenda kelele. Siku moja nikarudi masomoni, Madame hayuko. Nikapeleka majani kule labo, maana kulisha banyama ba kule ilikuwa kazi yangu, nikamukuta ndani ya sanduku, muguu buluu.

"Papa, huyu ni wangu!"

"Ni wa Leta sasa. Hayo ni mambo ya bakubwa, Masika. Weka majani, uende."

Niwaambie kile ambacho mimi sikuambiwa. Makohozi ambayo Papa alimudunga Madame yalikuwa ya Mama. Mama alikuwa anakohoa toka miezi miwili, na darubini haikuonyesha kitu. Baada ya wiki sita Papa angemuua simbilisi na kumufungua tumbo: bandama ikiwa na madoa meupe, Mama anaenda sanatorium, hospitali ya bagonjwa ba kifua, mbali sana, ikiwa safi, anabaki nasi. Papa aliyewaambia bagonjwa kila asubuhi, "Muficha ugonjwa, kifo kitamuumbua," nyumbani kwake alifunga mudomo.

Kesho yake nikamubeba ndugu yake Madame, mweupe vilevile, chini ya kitambaa changu. Nikamupaka buluu, nikamutia sandukuni. Madame nikamusugua muguu kwa sabuni na majivu mpaka rangi ikaisha, nikamurudisha jikoni. Nilijiona mujanja kweli.

Wiki sita zikatimia, Papa akamufungua yule mwingine. Safi kabisa. Siku ile alileta nyama ya sisi wenyewe, yenye kitunguu, akamushika Mama mukono na kumuchezesha pale jikoni. Mama alicheka mpaka akakohoa, akakaa chini. Mimi nilikula sana.

Kisha Madame akaanza kukonda. Majani hataki, viazi hataki. Asubuhi moja nikamukuta amekufa kando ya mafiga, nikalia kilio ambacho mutu halilii simbilisi, na katikati ya kilio nikasema yote. Papa hakunipiga. Alimuchukua Madame, akaenda naye labo, akamufungua: bandama ilijaa madoa meupe. Aliporudi alikaa mulangoni, akahesabu kwa vidole wiki ambazo Mama alipoteza.

"Mbona hukuniambia?" akaniuliza, pole pole.

Mama alipanda lori la sanatorium juma lile lile. Alirudi baada ya mwaka na nusu, na toka hapo alipumua kwa pafu moja.

Docteur alipouliza kwa nini kipimo kilidanganya, mimi nilikuwa chini ya dirisha. Papa alijibu, "Kosa ni langu." Docteur akamukaripia mbele ya bafanyakazi bote. Nilifikiri anadanganya ili aniokoe, na kwa miaka mingi nilimupenda kwa uongo ule. Nilipokuwa na batoto bangu ndipo nilielewa: hakudanganya hata kidogo.

Ah, Papa! Na wewe pia! Ungesema tu makohozi ni ya Mama, mimi mwenyewe ningekushikilia Madame wakati wa sindano.