Wifi Alipolisafisha Tangi la Maji Taka

Kijijini kwetu, nje kidogo ya Mambrui, visima si virefu. Zamani tulichokizika ardhini tulikichota tena ndooni. Ndiyo maana nyumba tano tulishirikiana kujenga tangi la maji taka. Mpango wake ni rahisi: maji ya choo na bafu huingia chumba cha kwanza, uchafu mzito hutuama, na vijidudu tusivyoviona huula. Maji yanayobaki hupita kwenye kokoto na mchanga, kisha hunywesha migomba. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwaeleza majirani. Nilidhani nimeeleza vizuri.

Siku kumi kabla ya harusi ya binti yake, mke wa kaka yangu alinijia, uso umemshuka.

"Wifi, tangi lako linanuka."

"Juzi ulisema ni letu sote."

"Likinuka ni lako."

Mzaha wake ulikuwa na hofu ndani. Mama wa bwana harusi alikuwa aje siku ya harusi na wanawake wenzake kutoka Malindi kula chakula cha mchana, na kabla ya sala ya adhuhuri wote wangetia udhu kwenye bafu lake, hatua chache tu kutoka kwenye tangi.

"Yule mama ana pua," akasema. "Akiinusa harufu hii, mwanangu ataisikia maisha yake yote."

Nikafunua mfuniko, nikarudi nyuma. "Umemwaga nini humu?"

"Nimesafisha! Chupa sita za dawa ya kung'arishia kanzu. Wageni waje wakute uchafu?"

Nilicheka mpaka akanipa mgongo. Kisha nikamweleza polepole, maana kosa lilitokana na moyo safi: dawa ile haichagui, imeviua vile vijidudu vilivyokuwa vikitufanyia kazi, na sasa uchafu umekaa tu, unaoza ovyo.

"Basi tuvirudishe," akasema.

"Vipo kwa jirani mwenye ng'ombe. Ndoo mbili za mavi mabichi, tuyakoroge na maji, tumimine."

"Mavi? Na harusi hii?"

"Mavi, wifi."

"Laiti ningejua kaka yako ana dada kama wewe, nisingeolewa hapa."

Lakini alikuja, leso imemziba pua. Nilipoanza kukoroga alinitazama kidogo, akaninyang'anya mti. "Lete huku. Unakoroga kama mtu anayeuogopa uji."

Kila asubuhi alikwenda kunusa. Siku ya tatu akaninunia. Siku ya sita akasema labda. Siku ya nane hakusema kitu, nikajua mambo yanakwenda vizuri.

Siku yenyewe, mama wa bwana harusi aliingia bafuni wa kwanza. Wifi alisimama na sinia la kaimati mikononi, hakulitua wala hakumkaribisha mtu. Yule mama alikawia. Alipotoka, akishusha mikono ya baibui, alisema mbele ya wote:

"Mashallah, mwenzangu. Watu wote hawa, na bafu halina hata harufu! Unatumia nini?"

Wifi alinitupia jicho moja tu, kali, la kunifunga mdomo.

"Usafi tu, dada," akajibu, akamsogezea sinia. "Mimi uchafu siuwezi."

Nikachukua kaimati mbili kwa pamoja, nikazitia kinywani.