Abiria wa Malkia

Mzee ambaye Yvette humhudumia huko Pickering, ughaibuni, hutetemeka mikono. Chai humwagikia kisahani, vifungo vya shati humshinda, naye hucheka kidogo kwa pua na kuendelea na Kiswahili chake cha Nairobi. Asubuhi moja, majani yalipoanza kupukutika, walimkuta bustanini nyuki mnene mwenye manyoya, ameduwaa kwa baridi juu ya alizeti, mgongo umejaa utitiri wa rangi ya chai. Yvette akachuma jani ili amfute.

"Papa, wanamnyonya damu."

"Waache, binti. Wamepanda tu. Huyu ni malkia. Watalala naye ardhini baridi yote, na akijenga kiota watakula mabaki ya humo."

"Na wanajuaje kwamba malkia ndiye huyu?"

"Hilo sijui," alisema mzee, akamsogezea nyuki kijiko cha maji ya sukari. Yvette alisubiri kimwagike. Hakikumwagika. Mkono ulitulia tuli, nyuki akanywa, na wale wadogo wakatembea taratibu kati ya manyoya, kila mmoja akitafuta pa kushika. Mabawa yakavuma, malkia akainuka kwa uzito, akavuka uzio na watu wake wote mgongoni.