Mswaki wa Dokta

Shemeji yangu si daktari. Anauza dawa za kikohozi na plasta kwenye duka la dawa pale barabarani, lakini koti jeupe halivui hata akienda kununua mkate, na mtu akimwita "Dokta" hasahihishi ng'o. Haya, ni yeye na koti lake. Kilichonichoma moyo ni alivyomfanyia mama yangu.

Mama alihamia kwa dada baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Hata hajazoea kitanda, Dokta akakuta mswaki wa mama mkwe wake umesimama kwenye kikombe kimoja na miswaki ya watoto. Lo! Utadhani ameona nyoka. "Vijidudu vinarukiana!" akatangaza, na mswaki ukahamishiwa uani, kwenye kopo lililotundikwa juu ya karo la kufulia. Mtu mzima na mkongojo wake, kila asubuhi anatoka nje kupiga mswaki kama mpangaji aliyeshindwa kodi. Mama hakusema kitu. Dada naye kimya. Nilipomuuliza, akanijibu, "Si unamjua alivyo."

Mswaki wa Dokta mwenyewe, ee bwana, uliishi kifalme. Akishasukutua anauvisha kofia yake ya plastiki ungali unachuruzika maji, anautia kwenye kasha, kasha kwenye mfuko wa nailoni, mfuko anaupiga fundo, kisha anaufungia kabatini. Eti hewa ya nyumba ina uchafu wa watu. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa.

Basi fizi zikamvimba. Zikatoa damu, na mdomo ukanuka hadi watoto wakawa wanamjibu huku wameangalia pembeni. Unadhani alimlaumu nani? Jumapili tukiwa mezani akasema waziwazi, mama akisikia, kwamba maradhi yameletwa humu ndani na mgeni, na afadhali mgeni atafutiwe pengine pa kukaa. Mama akaweka kijiko chini. Nikamtazama dada. Dada alikuwa anamenya chungwa.

Damu ikanichemka. "Shemeji," nikasema, "hebu lete mswaki wako."

"Wa nini?"

"Ulete tu, Dokta, na sisi mbumbumbu tujifunze."

Akauleta kwa maringo. Akafungua fundo, akafungua kasha, akavua kofia. Mama yangu wee! Harufu ya tambara la kudekia lililosahaulika ndooni. Nywele za mswaki zilikuwa nyeusi hadi kwenye mashina, na utelezi juu yake. Nikatoka uani, nikarudi na wa mama: mkavu, safi, umepigwa jua na upepo kutwa. Nikailaza yote miwili mezani, ubavu kwa ubavu. Nyani haoni kundule, lakini siku hiyo ilibidi alitazame.

Uso ukamshuka. "Basi, Mama," akasema taratibu, "mswaki wako urudi ndani. Yaishe."

Mama akashika mkongojo wake, akainuka. "Asante, baba. Wewe ni mkwe tu, sikukuzaa." Kisha akamgeukia dada, na hapo ndipo sauti ilipomtetemeka. "Mimi nilikuwa nasubiri neno lako wewe."

Dada akafungua mdomo. Yakatoka machozi tu.

"Mwanangu," mama akaniambia mimi, "nenda kanifungashie nguo."