Grisi ya Tela la Baba

Juzi asubuhi niliondoka Mandewa bila kujua niendako, nikapanda basi na kushukia Mkiwa. Kando ya nyumba ya wageni fundi alikuwa akifufua tela kuukuu la punda. Harufu ya grisi kwenye habu, vile vitovu vya magurudumu, ilinirudisha utotoni.

Mchana mmoja baba alikuwa akilitengeneza tela letu ili ampeleke bibi zahanati, maana kifua kilikuwa kimembana. Alipokwenda kuleta punda, niliona beringi za magurudumu zimejaa kitu cheusi, nikadhani ni uchafu. Nikazifuta zote, nikazimiminia mafuta ya alizeti ya mama. Baba alirudi, akayafunga magurudumu bila kutazama ndani.

Njiani gurudumu lilianza kulia, kisha ikaja harufu ya maandazi.

"Nani anakaanga porini?" baba aliuliza.

Moshi ulipotoka gurudumuni, bibi aliitazama mikono yangu iliyong'aa mafuta, akaifunika kwa khanga yake.

"Nishushe, mwanangu," alimwambia baba. "Nitatembea."

Alitembea akihema, ameniegemea begani, hadi zahanati. Alipona, na siri yangu akaondoka nayo duniani miaka mingi baadaye.

"Kaka, unatafuta chumba?" fundi aliniuliza.

"Ndiyo. Lakini kwanza nipe hiyo grisi, nikusaidie kupaka beringi."